Mfuko wa Kwapa la Kushoto

Koti lenyewe lilikuwa zuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo nikilikumbuka. Kitambaa cha rangi ya mchanga, kizito kidogo, kisichokunjika ovyo, na bitana nyeusi inayoteleza mkononi kama maji. Mabega yalikaa. Mgongo ulishuka sawa. Mtu angelivaa akaenda nalo posani, na watu wangemuuliza fundi wake ni nani. Lakini halikushonwa kwa ajili ya posa. Lilishonwa ili bastola ipate pa kulala, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuitandikia.

Nilikuwa nafanya kazi katika duka la ushonaji huko Wadi Kabir, Maskati, kwenye barabara ya magereji. Upande mmoja wetu palikuwa na seremala, upande wa pili wauza vipuri vya magari, na kelele za misumeno zilikuwa zikiingia dukani pamoja na vumbi la mbao hata mlango ukifungwa. Mwenye duka ni mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, mjane, mwingi wa maneno na hodari wa kupima mtu kwa macho kabla hajashika utepe. Sote tulimwita Mama. Mafundi tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mzee wa Kibangali, ndiye fundi mkuu, aliyekata kanzu za Kiomani tangu ujana wake. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache aliyookota kwa Mama, na kwa kuwa Mama alimsemesha zaidi akiwa amekasirika, mengi yalikuwa ya kukaripia. Yeye alishona kanzu. Mimi nilishona suruali, makoti na nguo za Wakenya wenzangu waliokuja Ijumaa.

Mimi si mtu wa kusema. Mteja akiniuliza jambo huwa natazama kitambaa, na nikishapata jibu mteja huwa ameshamgeukia Mama. Niliishia darasa la nane na kuandika kwangu ni kwa polepole sana, kwa hiyo hata na kaka yangu, aliyebaki Mombasa, tulikuwa tukitumiana sauti kwa simu. Yeye akisema, mimi nikisikiliza mara tatu, kisha namjibu kwa maneno mawili.

Lazima nieleze habari ya kaka yangu, maana bila yeye koti hilo lingekuwa koti tu.

Kaka alikuwa akisukuma mkokoteni wa maji Kisauni. Mchana mmoja mkokoteni wake ulikwaruza ubavu wa gari la mfanyabiashara fulani kwenye kona nyembamba. Mtu yule akashuka. Alikuwa amevaa koti, katika jua lile la Mombasa ambalo hata mbwa hutafuta kivuli cha nguzo. Wakabishana. Mkono wa yule mtu ukaingia ndani ya koti, na kaka yangu akapigwa risasi ya paja. Mfupa ulisagika. Sasa anatembea kwa gongo, na mkokoteni anausukuma mtu mwingine. Yule mwenye gari alikuwa na leseni ya bastola yake, akasema aliogopa kuvamiwa, na baada ya hapo hatukusikia tena mtu yeyote akiulizwa neno.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa kwa fundi najifunza cherehani. Niliyasikia kwa watu, na watu wote mtaani walisema neno moja: alimlenga. Alimtazama kaka yako machoni, akamlenga, na kaka yako hakurudi nyuma hata hatua. Mama yetu alilisema hilo kwa kilio na kwa fahari, vyote pamoja. Nami nilikua nalo hivyo.

Tangu siku hiyo nikawa na tabia ya kutazama makwapa ya watu. Nikimwona mtu na koti mchana wa jua, macho yangu yanakwenda kwapani yenyewe. Nilipofika Maskati nilikaa muda nikifanya hivyo, kisha nikagundua kwamba hapa sina haja. Kanzu ya Kiomani ni nyeupe na nyepesi. Simu ikiwa mfukoni unaiona inavuta upande mmoja. Hata kitambaa cha jasho unakiona. Silaha niliyoiona mwilini mwa mtu hapa ni jambia, na jambia huvaliwa mbele, katikati ya kiuno, siku ya arusi au siku ya sherehe, liking'aa fedha, kila mtu alione. Marehemu mume wa Mama aliacha lake, na Mama alikuwa amelitundika dukani ndani ya kioo, juu ya meza ya kukatia. Nililitazama kila siku bila kuogopa. Nilikuwa nimeanza kusahau makwapa.

Basi akaja yule mteja.

Alikuwa mtu wa Mombasa, mnene mfupi, muuza vipuri. Alikuja Wadi Kabir kununua injini na milango ya magari ya kupeleka nyumbani, na wifi yake Mama anayekaa mtaa wa Hail ndiye aliyemwelekeza kwetu, kwa kuwa mumewe anafanya naye biashara. Nasema mapema kwamba hakuwa yule aliyempiga kaka yangu. Yule alikuwa mrefu, kila mtu alisema hivyo. Lakini niliposikia anachotaka, nilimtazama urefu wake mara mbili.

Alikunywa kahawa, akala tende, akasifu duka, kisha akamwambia Mama anataka koti la kuvaa kazini, la heshima, lenye mfuko maalumu ndani.

"Mfuko wa simu?" Mama akauliza.

"Wa bastola, Mama."

Mama akaweka kikombe. "Ya Rabbi. Unayo hapa?"

"Iko nyumbani kwenye sefu, na leseni yake juu. Mimi si mwendawazimu niingie nayo nchi ya watu. Nataka koti tu. Mafundi wa kwetu wananishonea mfuko kama wa viazi, unalegea, kila mtu anajua nimebeba nini."

"Sasa si bora wajue?" Mama akasema, akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Lile la marehemu mume wangu. Mwanamme anavaa silaha yake mbele ya kitovu, watu wakaiona, wakamuheshimu, yakesha. Hii ya kufichwa kwapani kama vitunguu vya wizi ni ya nini?"

Yule bwana akacheka hadi tumbo likatikisika. "Mama, kwetu ukiivaa mbele, utarudi nyumbani bila silaha na bila suruali."

Mama naye akacheka. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya kwanza, nikiwa nimeinamia cherehani. Walicheka kama watu wanaozungumzia mvua.

"Haya," Mama akasema. "Kwa kuwa umetoka kwa wifi yangu, siwezi kukurejesha mikono mitupu. Huyu kijana wangu ni mtu wa kwenu. Atakushonea."

Bwana akanigeukia. "Wewe ni wa wapi?"

"Mombasa."

"Mombasa wapi?"

"Kisauni."

"Ah, nyumbani kabisa. Basi wewe huhitaji kuelezwa. Kisauni mnazijua hizi kuliko mimi."

Nilitazama kitambaa. Alikuwa ametania tu, na Mama akacheka tena, na fundi mkuu akacheka pia ingawa hakuelewa. Nikachukua utepe, nikampima. Kifua, bega, kwapa. Nikamuuliza anatumia mkono gani, kwa sababu mfuko wa namna hiyo hukaa upande usio wa mkono wake. Akasema wa kulia. Kwa hiyo kwapa la kushoto.

Taabu ilikuwa moja. Huwezi kushona mfuko wa kitu usichokiona. Bwana akachora umbo lake kwenye karatasi ya kukatia, akakazia kalamu hadi karatasi ikatoboka, na Mama akaipeleka kwa seremala wa jirani. Seremala akachonga kibao, akakipiga msasa, na ndani akatia kipande cha chuma kwa ajili ya uzito. Kilikuwa kibao laini cha rangi ya asali, na ukikitupia jicho tu ungesema ni bastola.

Kibao kile kilinichosha kuliko koti lenyewe. Wafanyakazi wa seremala walikileta wakinielekezea kifuani. Fundi mkuu alikichukua, akalenga feni, akafumba jicho moja, akasema, "Wewe mjinga, simama," maneno ambayo Mama humwambia yeye. Mtu aliyekuja kuchukua kanzu yake akakishika naye, akakigeuza, akamlenga rafiki yake aliye nje kwenye gari, na rafiki akainua mikono juu. Watu wazima wenye ndevu. Kila aliyekigusa alimlenga mtu. Sikumwona hata mmoja aliyekishika akakiweka chini tu, kama unavyoweka mkasi.

"Mbona umenuna?" Mama akaniuliza. "Ni ubao, mwanangu."

"Najua, Mama."

"Basi cheka kidogo. Unawatisha wateja kwa uso huo kuliko wao kwa ubao wao."

Sikumweleza. Ningeanzia wapi? Nilikipeleka kibao kwenye meza yangu, nikakifunika kwa kipande cha bitana.

Siku ya kujaribu, koti likiwa limepigwa bandi tu, mishono ya muda, bwana alilivaa mbele ya kioo, akatia kibao, akakitoa, akakitia, akakitoa. Alijitazama kwa upande. Aliinua mkono kama anayemsalimu mtu ng'ambo ya barabara, akaona kwapa halifurukuti, akafurahi. "Huyu mtoto ana mkono," akamwambia Mama. Mimi nilisimama nyuma yake na pini mdomoni. Katika kioo niliuona mkono wake wa kulia ukiingia ndani ya koti, ukitoka na kitu. Ukiingia. Ukitoka. Uso wake ulikuwa wa furaha tupu, kama mtu anayejaribu viatu. Ikanijia kwamba yule mrefu naye aliwahi kusimama mbele ya kioo namna hii, na nyuma yake palikuwa na fundi mwenye pini mdomoni, na fundi yule alisema, uko sawa bosi.

Ndipo nikaamua.

Kwenye kumalizia, nilishona mfuko vizuri sehemu zote isipokuwa mdomoni. Pale nikaiacha bitana ilegee kidogo, mkunjo mdogo ambao jicho halioni na kidole hakihisi. Kibao kingepita, maana kibao ni laini, hakina pembe wala kichwa. Lakini kitu cha chuma, chenye mameno yake, siku mwenyewe atakapokivuta kwa pupa, kingekamatwa. Nilijiambia: siku hiyo utahangaika nacho, na mtu aliye mbele yako atapata nafasi ya kukimbia. Nilipiga pasi juu ya mkunjo ule kwa makini kuliko nilivyowahi kupiga pasi kitu chochote. Nilikuwa na furaha chafu, na sitaki kuipaka rangi. Nilitundika koti kwenye ndoano karibu na mlango, tayari kuchukuliwa.

Kesho yake adhuhuri, Mama amekwenda kuswali na fundi mkuu amelala chini ya meza yake kama kawaida, nilimtumia kaka sauti. Nilisema maneno mengi kuliko kawaida yangu. Nilimweleza mteja, kibao, kioo, mkunjo. Nilimaliza kwa kusema, "Nimekulipizia kidogo."

Nilitegemea acheke. Kaka yangu ni mtu wa kucheka, hata gongo lake amelipa jina la mke. Sauti yake ilipokuja ilikuwa ya chini.

"Sikiliza. Yule mtu hakunilenga."

Nikasimamisha. Nikarudia toka mwanzo.

"Yule mtu hakunilenga. Aliingiza mkono atoe ile bastola, ikashika kwenye koti. Akavuta. Ikashika. Koti likampanda hadi shingoni kama mtoto anayevuliwa shati. Mimi nilianza kucheka, wallahi, maana alikuwa anachekesha. Akaona nacheka, akavuta kwa nguvu zote, ikalia ikiwa bado ndani. Risasi ilitoboa kitambaa. Nilikiona kitambaa kinatoa moshi kabla sijajua mguu wangu uko wapi. Yeye mwenyewe alipiga ukelele kunishinda mimi."

Nikamtumia neno moja. "Mbona?"

"Mbona nini? Mbona sikusema? Niseme nimevunjwa mguu na koti? Nilipozinduka hospitali nikakuta watu washamaliza hadithi. Nimesimama mbele ya bastola, sikupepesa. Mama anaieleza kwa kila anayekuja kunitazama. Ningemwambia nilikuwa nacheka? Nikawaacha." Akavuta pumzi. "Sasa nisikie vizuri. Fumua huo mkunjo. Sio kwa ajili yake. Wewe unafikiri siku anavuta hicho kitu mbele yake amesimama nani? Tajiri mwenzake? Amesimama mwenye mkokoteni."

Nilikasirika na kaka yangu kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Miaka yote nilikuwa na mtu mmoja wa kumchukia, mrefu, mwenye macho makavu, aliyelenga. Nilimlea moyoni kama watu wanavyolea mbuzi wa kuchinja. Na sasa kaka ananiambia hapakuwa na mtu huyo. Palikuwa na mpumbavu amenaswa kwenye nguo yake, na fundi mbaya. Fundi mbaya. Na mimi, kwa mikono yangu, kwa pasi yangu, nilikuwa nimelishona upya koti lile lile.

Niliinuka kwenda kwenye ndoano. Koti halikuwapo.

Bwana alikuwa ameshaingia pamoja na Mama wakitoka wote barabarani, na nilipogeuka nilimkuta mbele ya kioo, koti mwilini, kibao mkononi. Akakitia, akakitoa. Kilipita kama kisu kwenye siagi. "Tazama, Mama," akasema. "Tazama kazi." Mama akawa anampigia wifi yake Hail, amsikilizishe sifa.

"Usiende nalo," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini Mama aliishusha simu. Hakuwahi kunisikia nikimwanza mteja. "Umesema nini?"

"Asiende nalo. Lina kasoro."

"Kasoro wapi?" Bwana akajigeuza mbele ya kioo. "Mimi sioni."

"Mdomoni mwa mfuko. Bitana itashika. Kibao hakishiki, lakini chuma kitashika."

Akalivua koti haraka kuliko alivyolivaa, akapitisha kidole, akakunja uso. "Sioni kitu. Lakini wewe ndiye unajua. Rekebisha, nangoja."

Alisema kwa upole, na upole ule ulinifanya nione haya. Nikachukua wembe, nikaketi, nikalifungua koti magotini. Nikafumua mkunjo. Ilikuwa kazi ndogo. Ningekaza bitana, nikapiga mshono mmoja, akaenda zake na koti lake, na hakuna ambaye angejua chochote. Lakini wembe haukusimama. Niliuona unaendelea, unazunguka mfuko wote, uzi kwa uzi, mpaka mfuko ukatoka mzima mkononi mwangu, mweusi, kama kiatu cha mtoto.

"Sasa mbona unautoa wote?" bwana akauliza.

"Siushoni."

"Huushoni vipi?"

"Siushoni tena. Koti nitalifunga. Mfuko siushoni."

"Mwanangu, umeingiwa na nini leo?" Mama akasema. "Jana umeushona."

Nikasema kwamba kaka yangu alivunjwa mguu na koti kama hili. Nilisema nikitazama sakafu, na nadhani nilisema vibaya, maana bwana aliniuliza, "Kwani ni mimi niliyempiga?"

"Si wewe."

"Sasa?"

Nikaendelea kuchomoa nyuzi zilizobaki. Yeye ndiye aliyeendelea. Alisema duka lake limevamiwa, kwamba mlinzi wake alikatwa panga la mkono mbele ya macho yake, kwamba mke wake hawezi kulala mlango ukigongwa na upepo. Alisema hayo bila kupandisha sauti, akinitazama usoni. "Ungekuwa wewe ungefanyaje, kijana? Niambie. Mimi nakuuliza kwa wema." Nilimwamini kila neno. Lakini kumwamini hakukunipunguzia hasira. Kuliniongezea, kwa sababu nilitaka awe mtu mbaya, na yeye hata hilo alininyima.

"Siushoni," nikasema.

Mama akapandwa na hasira. Si kwa ajili ya bastola, bali kwa ajili ya Hail. "Wifi yangu atanisema mpaka siku ya kiama. Mie nnakuheshimu, nnakuita mwanangu mbele za watu, na leo unanivua nguo mbele ya mgeni. Duka la nani hili?"

"Lako, Mama."

"Basi lete koti. Fundi mkuu atashona." Akaita chini ya meza. "Wewe, amka. Shona mfuko huu."

Fundi mkuu akatoka na alama ya sakafu shavuni. Akatazama koti, akatazama mfuko mkononi mwangu, akatazama uso wangu. Mzee huyu alikuwa na uwezo wa kushona mfuko ndani ya mfuko akiwa amefumba macho. Akakuna kichwa. "Mimi sijui," akasema. "Kanzu tu."

"Hujui mfuko?"

"Mimi mjinga, Mama. Kanzu tu."

Nilidhani Mama angecheka, lakini hakucheka. Alinipokonya koti, akaketi mwenyewe kwenye cherehani yangu, akaifunga bitana kwa mshono mmoja ulionyooka kama rula, akalikung'uta, akampa bwana. "Koti lako. Ni koti la heshima, utavaa mpaka utazeeka. Mfuko nisamehe. Mafundi wangu wawili leo wameshika wazimu mmoja."

Bwana hakupiga kelele. Alichukua koti, akachukua ule mfuko nilioufumua kutoka magotini mwangu, akachukua na kibao chake. Mlangoni aligeuka. "Kaka yako," akasema, "mpe pole." Kisha akatoka.

Kupitia kioo cha mlango nilimwona akivuka barabara na kuingia duka la ushonaji la ng'ambo. Hakuchagua. Liliandikwa fundi, akaingia. Barabara ile ina mafundi kama ilivyo na magereji.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilichokuwa nacho ni hasira tupu isiyo na pa kukaa. Nimefanya nini? Nimekataa, na mfuko unashonwa hatua chache kutoka nilipo, na mtu nisiyemjua, ambaye labda ana haraka, labda bitana yake inalegea bila hata kukusudia. Na siku moja mahali fulani Mombasa mtu wa mkokoteni atamwona tajiri akihangaika na koti lake, na ataanza kucheka.

"Unakwenda wapi?" Mama akauliza.

"Ng'ambo."

"Ukitoka mlango huo usinirejee leo."

Nikatoka.

Fundi wa ng'ambo alikuwa kijana kama mimi, Mhindi, simu yake inaimba juu ya meza. Alikuwa ameshafungua bitana na mfuko umeshakaa mahali pake, anamalizia mdomo. Bwana alikuwa kwenye kiti cha plastiki akijipepea kwa bahasha.

"Umekuja kuomba msamaha?" akaniuliza.

"Nimekuja kuangalia bitana."

Alimwashiria fundi kwa kidole, aninyooshee koti. Nikaingiza mkono. Niliupitisha ukingoni taratibu, mara ya kwanza kwa ncha za vidole, mara ya pili kwa kucha, ambazo hushika penye uzi uliolegea. Nikatia mkono wote hadi kifundo, nikauvuta kwa pupa, kama mtu aliyeogopa, kama mtu anayechekwa. Haukushika popote. Fundi yule alikuwa ameikaza bitana kwa mishono midogo ambayo mimi sijawahi kuifikia hata nikiwa na siku nzima. Kwapani pale palikuwa na kazi safi kuliko yangu.

"Vipi?" bwana akauliza.

Nikamrudishia fundi koti.

"Uko sawa," nikasema.

Nilisimama nje penye kivuli cha bango la duka, kwa sababu kwa Mama nilikuwa nimekatazwa kurudi. Baada ya muda bwana akatoka. Alikuwa amelivaa, na kibao kimo ndani. Jua la Wadi Kabir lilikuwa linachemsha lami, magari ya teksi yanapita na vioo vimefungwa, na kila mtu barabarani amevaa kanzu nyepesi au fulana ya kazi iliyolowa. Yeye alikwenda katikati yao na koti lake la rangi ya mchanga, vifungo vimefungwa, hadi kwenye gari la mwenyeji wake. Mabega yalikaa. Mgongo ulishuka sawa. Hata mimi, niliyejua, sikuona kitu kwapani.